Bei ya Gari Jekundu

Msabah alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Abrahman, mwenye gari, alisimama pembeni roho juu, utadhani yeye ndiye mnunuzi.

"Umelikimbiza wapi hili?" sauti ya Msabah ilitoka chini.

"Barabara ya Kidichi. Na mara mbili nlilivusha Kenya, kwenye uwanja wa mashindano khasa. Halijanitupa."

Msabah alitoka akajifuta mikono. Alikuwa fundi wa magari wa Kikwajuni, kapera, na wenzake walimtania kuwa siku akifa azikwe na spana zake. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili na paa la turubai. Alilitamani tangu lilipoteremshwa bandarini: siku za kazi atembelee mjini, siku za mashindano alifungulie.

Wakaenda kulijaribu. Msabah alizikata kona za Kidichi huku mikarafuu ikiwapita pande zote, breki haigusi ila anapolazimika, na anacheka peke yake. Abrahman hakuitazama barabara. Alikuwa akimtazama yeye usoni.

Ndiye huyu, alijisemea. Moyo wake wote umo kwenye injini, mwanamke hana pa kukaa.

"Haya, bei?" Msabah aliuliza walipozima gari kivulini.

"Sitaki pesa."

"Unataka nini basi?"

"Umuoe Tabia. Halafu umwache."

Nani asiyekijua kisa cha Tabia? Alikuwa mke wa Abrahman, na mashindano yalimnyima raha. Gari likitoka yeye hali, hakai, sikio lake liko mlangoni tu. Alimsihi mumewe kwa upole, akamsihi kwa machozi. Mwisho, asubuhi moja ya mashindano, alisimama mbele ya boneti akamwambia kama unakwenda, nikanyage kwanza. Watu wanatazama. Hasira zikampanda Abrahman, akamtupia talaka tatu kwa mpigo, pale pale njiani, kisha akaenda zake kushindana. Mwanamme mzima, jamani.

Jioni alishajuta. Lakini talaka tatu hazina rejea. Ampate tena Tabia, lazima kwanza aolewe na mume mwingine, huyo naye amwache, kisha akae eda.

"Ndoa ya kupangana hivi ni dhambi," Msabah alisema.

"Najua. Nshafanya makosa makubwa kuliko hilo."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui, na usimwambie, hatakubali. Wewe muoe. Mwezi ukiandama, mpe talaka yake. Gari lako."

Msabah aliligeukia gari. Aliutazama usukani, akaitazama boneti, akapitisha kiganja juu ya rangi ile nyekundu. Akakubali.

Ndoa ilifungwa kimya kimya. Baba yake Tabia alifurahi kuona mtu mwenye kazi yake ya mikono anamtaka binti aliyeachwa mbele za watu. Siku ile ile Abrahman alilipeleka gari Kikwajuni, akarudi Mji Mkongwe kwa miguu. Kwa mara ya kwanza tangu amwache mkewe, chakula kilimpita kooni.

Akaanza kujitayarisha. Alipaka nyumba chokaa, akakipiga msasa kitanda cha samadari, akanunua kanga doti mbili za rangi anazozipenda Tabia. Alipozikunja kuziweka kabatini alilia, naam, alilia kwa sauti, na alijua anayestahili kulaumiwa ni nani. Akaapa kuwa Tabia akirudi hatamtia tena machozi machoni.

Siku za mwanzo gari lilisikika mji mzima. Baadaye likapunguza kelele.

"Msabah siku hizi anaendesha kama kapakia mayai," mtu mmoja alisema barazani, penye kahawa.

Watu wakacheka. Abrahman naye akacheka, tena moyo ukamtulia: fundi anatunza mali yake. Hata siku ya mashindano ya Kidichi, Msabah asipoonekana, hakushughulika kuuliza. Macho yake yalikuwa mbinguni, anatafuta mwezi.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake ule mlio anaoujua ukasikika mwanzo wa uchochoro, ukazima. Abrahman alikuwa keshafukiza udi nyumba nzima, kama vile mwanamke anaingia saa ile, na hali ilikuwa bado eda.

"Hodi."

"Karibu, karibu ndani. Kaa, ndugu yangu."

Msabah hakukaa. Alisimama kizingitini macho chini.

"Umelimaliza lile jambo?" Abrahman aliuliza.

Msabah alimshika mkono, akamtia ufunguo kiganjani.

"Vipi? Limeharibika?"

"Ni zima. Halina kasoro hata moja."

"Basi la nini kwangu? Hili lako, tulikubaliana. Mimi gari silitaki tena, Msabah. Namtaka mke wangu."

"Nisamehe," Msabah alisema. "Tabia kaniomba niache mbio. Nami nshaacha."