Pindo la Kushoto

Siku hizi mtoto mwenye tezi mbovu hakui mpaka mzazi aruhusu. Kila Jumapili bangili ya Mwanakombo, yenye dawa ya kumkuza, humuuliza Rukia, mama yake: akue au asikue? Akikua, huenda mgongo ukapinda. Asipokua, atabaki na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, naye ana miaka kumi na mitatu.

Rukia amechoka kuamua. Yeye ni fundi cherehani, na picha za hospitali hazimwingii akilini. Anachoamini ni pindo. Mgongo ukipinda, nyonga huinama, na sketi hushuka upande mmoja.

Leo alipima tena pindo la sketi aliyovaa Mwanakombo kutoka sakafuni, kulia na kushoto. Sawasawa, Jumapili ya tano mfululizo. Akashusha pumzi, akabonyeza "akue". Bangili ikazima; jibu halibadiliki hadi wiki ijayo.

Alipoinama kuokota pini, akaona kisigino cha kushoto cha binti yake kimeinuliwa, kinatetemeka.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu pindo lilipoanza kushuka. Lakini mama, si sasa nakufikia kifuani?"

"Simama vizuri."

Mwanakombo akakanyaga chini. Pindo la kushoto likashuka, likazidi kushuka.