Mtu wa Kuondoka

Jiwe halikuanguka kwa kishindo. Lilijilaza tu, taratibu, juu ya mguu wa kulia wa Yubelka, na lilipotulia hakuweza kusogeza hata kidole.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mwanya wa mwamba wa pili, mita ishirini na tano chini ya maji. Kisiwa chote cha Bonaire kilikuwa nyuma yake: mfereji wa mchanga, halafu mwamba wa kwanza, halafu ufuko na pikapu yao kando ya jiwe la njano linaloonyesha pa kuzamia. Alikuwa anamfuata samaki-simba mmoja mnono, akachomeka mkuki wake mfupi chini ya bonge la matumbawe mafu, akakoroga. Kosa la mwanafunzi. Miaka ishirini na mbili anawinda samaki hao wenye miiba ya sumu, na leo anakoroga kama anayesonga ugali wa funchi jikoni.

Mchanga ukatimka, maji yakawa maziwa. Hakuona kitu. Akagonga mtungi wake kwa mkuki, ting, ting, ting. Edshel hakuwa mbali. Kati ya watu wote wa kisiwa, Edshel!

Asubuhi ile mumewe alikuwa ameamka na homa, na wawindaji wana sheria moja: hakuna anayeingia majini peke yake. Mdogo wake Yubelka, Edshel, aliyekuja likizo kutoka Uholanzi, akajitolea. Walikuwa hawajasemeshana miaka minne, tangu Edshel alipopanda ndege kuondoka wiki ileile baba yao, mzee Nicasio, alipokuwa anakata roho. Alirudi kuzika.

"Shusha vioo, na milango usifunge," Yubelka alimwambia walipoegesha. "Mwizi akija aone mwenyewe hakuna kitu, asituvunjie."

"Kuna jeki huku nyuma."

"Aichukue. Ina kutu kuliko wewe."

"Dada, hiyo suti imekubana kama soseji."

"Vaa twende. Na mambo yakiwa magumu usinikimbie, maana unajulikana."

Edshel alikaza mikanda ya koti lake la kuelea, lenye mtungi mgongoni, akaingia majini.

Sasa mikono yake ilikuwa inapapasa ndani ya ule ukungu wa mchanga. Ilisukuma jiwe mara mbili, halikutikisika. Ikakamata kipimo cha hewa cha Yubelka, ikakisogeza karibu, ikakiachia. Yubelka alikuwa ameshakisoma: hamsini. Dakika saba, labda nane, kama hatahamaki. Na moyo ulikuwa umeshahamaki.

Kulikuwa na kuvutana-vutana nyuma yake. Kitu kizito kikamgonga nyongani, akadhani jiwe limeshuka zaidi, akapiga ukelele ndani ya kipumulio. Kisha kiganja kikamgonga begani. Mara tatu.

Aliijua ishara ile. Utotoni walikuwa wakizamia kome bila mtungi wala nini, na mzee Nicasio aliwafundisha: anayepanda kuvuta pumzi amgonge anayebaki chini mara tatu. Maana yake, mfuko wa kome nakuachia wewe.

Mchanga ulipotulia kidogo aligeuza shingo mpaka ikauma. Juu, kwenye mwanga, kivuli cha Edshel kilikuwa kinapanda. Kilipanda mbio, kichwa kimeinuliwa, namna ambayo mzamiaji mwenye akili zake hapandi, na mapovu yakimtoka membamba mfululizo, bila kukatika. Kikawa doa. Doa likapotea.

Ameogopa, Yubelka alijisemea. Ameona kipimo changu, akapiga hesabu, akaenda zake.

Mfuko nakuachia wewe. Ndivyo alivyomwachia baba, na dawa za baba, na mashuka ya baba ya kufua kila alfajiri, na lile swali ambalo mzee alikufa akiliuliza: Edshel amefika? Yubelka alikuwa akimdanganya, yuko njiani. Hilo ndilo hajamsamehe, ule uongo aliomfanya auseme.

Akamtukana kwa matusi yote aliyoyajua, na kila tusi lilikula hewa. Thelathini. Ishirini. Alijaribu kuuchomoa mguu, maumivu yakampanda hadi kinenani. Yule samaki-simba akajitokeza, akatanua mapezi yake mbele ya miwani yake kama mwenye nyumba anayemsubiri mgeni aage. Yubelka alimfikiria mumewe, kitandani na homa yake, akisikiliza mlio wa pikapu barabarani. Akalia, na machozi hayakuwa na pa kwenda ndani ya miwani.

Kumi. Pumzi ikawa nzito kuivuta. Ikaja nusu. Ikagoma.

Kwa hasira tu, si kwa tumaini lolote, alirusha mkono nyuma aliparue lile jiwe. Vidole havikukuta jiwe. Vilikuta kipumulio, kingo zake zimetafunwa upande mmoja tu, upande ambao Edshel bado ana meno yake. Akakitia mdomoni, hewa ikaja tele.

Akavuta bomba lake mpaka kipimo kikafika machoni: mia moja na thelathini. Akafuata kwa mkono kule bomba lilikotoka. Pale nyongani pake, limefungwa mwambani kwa fundo la kufungia mfuko wa kome, lilikuwa koti la kuelea la Edshel, na mtungi wake ungali mgongoni mwa koti.