Koti Ndani ya Dohani

Juu ya paa, Marlys alivuta kwa mikono miwili, na kilichotoka ndani ya dohani hakikuwa kiota. Lilikuwa koti la kiume, limefungwa waya mara tatu na kushindiliwa kutoka juu hadi likaziba njia ya moshi.

Mnunuzi wa nyumba ndiye aliyemtuma aikague dohani kabla ya kusaini mkataba. Mke wa mwenye nyumba alikufa humo Januari, amelala karibu na jiko la kuni. Moshi umemuua, walisema, na mji mzima ukamlilia.

"Umepata nini huko, dada?" mwenye nyumba aliuliza kutoka chini.

"Kiota tu, mzee."

"Kiota gani kina mikono?"

Mkono wa koti ulikuwa unaning'inia ukingoni mwa paa. Ngazi ikaanza kutikisika. Mzee alikuwa anapanda taratibu, ameshika nyundo.

"Shuka, mzee. Tutazungumza huko chini."

"Mke wangu naye alipenda sana kuzungumza."

Nyundo ilimpata Marlys kwenye kifundo cha mguu. Aliusikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Akaanguka kwa matako juu ya vigae, damu ikajaa ndani ya buti. Mzee akainua nyundo tena, mkono wake wa pili umeng'ang'ania ngazi.

Marlys aliupiga mkono ule teke kwa mguu uliobaki mzima. Vidole vitatu vikaachia.

"Dada," mzee alisema polepole, "nina wajukuu."

Marlys akakunja goti mpaka kifuani, kisha akaushusha mguu kwa nguvu zake zote juu ya vidole viwili vilivyobaki.