Nafasi ya Kasulu

Shadia alipoinama kuchambua mbao, Esteri alirudi nyuma, akauvuta mlango wa stoo, akapitisha komeo na kubana kufuli.

Kiganja kikapiga bati la mlango kwa ndani.

"Esteri, acha kunizingua. Fungua."

Mvua ilikuwa imeanza kumwagika juu ya mabati, na muda si mrefu ikaimeza sauti ya Shadia pamoja na vishindo vyake. Karakana ilikuwa tupu. Esteri akatoka, akaelekea ukumbini bila kukimbia, maji yakimtiririka shingoni.

Hawakuwahi kupatana, tangu siku walipopokelewa mjini Kasulu kwenye darasa la kuwaandaa wasichana wanaotaka kuwa mainjinia. Wengi walitoka shule za kata, ambako fizikia husomwa ubaoni tu, wala hakuna waya wa kushika. Esteri alitoka kijijini Kagerankanda, upande wenye kambi za wakimbizi. Shadia alikuwa wa hapo hapo mjini, baba yake ana duka la jumla karibu na soko.

"Kumbe na wakimbizi wanachukuliwa," Shadia alisema siku ile ya kwanza, ingawa Esteri na wazazi wake ni raia.

"Na wapima sukari wa dukani pia," Esteri akamjibu.

Madam Nasma, injinia aliyewafundisha, akawaweka meza moja ili wazoeane. Wakachora mstari wa chaki katikati. Mmoja akikosa spana, alikuwa radhi azunguke karakana nzima kuliko kumwomba mwenzake.

Halafu yakaja ya daraja. Esteri alijenga daraja dogo la mbao, Madam Nasma akalisifu mbele ya darasa. Shadia akaja na matofali. Akaweka moja, akaweka jingine, akaendelea kuweka huku anamtazama Esteri usoni, mpaka daraja likalia na kukatika.

"Mguu wa kushoto ulikuwa unadanganya," akasema. "Bora livunjike hapa."

Esteri alimrukia. Ilibidi Madam Nasma awaachanishe kwa mikono yake mwenyewe.

Esteri akajenga upya, kwa hasira, akikaza kila kiungo kana kwamba anamnyonga mtu. Shadia akaja tena na matofali yake. Safari hii yalikwisha yote, na daraja limesimama. Akaondoka bila kusema neno, na Esteri akahesabu kuwa ameshinda.

Jana walifika wageni kutoka Dar es Salaam, wale wanaochagua wa kwenda kuendelea na maandalizi chuoni huko. Waliwahoji wasichana mmoja mmoja. Shadia alikaa ndani muda mrefu kuliko wote, akatoka ameinamisha kichwa, akapita mbele ya Esteri kama anayepita nguzo. Jioni Madam Nasma akasema wageni wanawataka Shadia na Esteri asubuhi. Hakuongeza kitu.

Hakukuwa na haja. Mabweni mazima yalishasema nafasi ya Kasulu ni moja, na sasa wamebaki wawili.

Esteri akamfikiria dada yake, Ndayikunda, aliyekuwa mkali wa hesabu kuliko yeye, na ambaye leo analima mihogo ya wakwe zake kule Kitanga. Akamfikiria na Shadia, ambaye akikosa nafasi hii bado ana duka la baba. Ilipofika asubuhi alikuwa hana tena huruma ya kumgawia mtu.

Shadia alimkuta mlangoni mwa karakana.

"Wamesema twende na mbao. Njoo unisaidie kuchagua," akasema, bila kumtazama. "Halafu nina jambo la kukuambia. Sijui hata nianzie wapi."

Esteri alijua aanzie wapi. Alijua vizuri sana ni maringo gani yangefuata. Kwa hiyo akamwacha atangulie kuingia stoo.

Ukumbini, mgeni mmoja, mama mwenye mvi na miwani, alikuwa amekaa na mwenzake nyuma ya meza. Mbele yao palipangwa viti viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Esteri. Na Shadia?"

"Sijui, mama." Sauti yake haikutetereka. "Labda ameghairi. Yule ana duka lao, hana shida."

Yule mama akamgeukia mwenzake, kisha akavua miwani.

"Aghairi vipi, binti yangu? Shadia tulishampitisha jana."

Esteri akavitazama vile viti viwili. "Basi mimi nimeitiwa nini?"

"Wanakwenda wawili, na wa pili tulimwachia yeye amchague, maana watafanya kazi zote pamoja. Leo tulitaka tu kuwaona mkijenga." Yule mama akatazama mlango, kisha akamtazama Esteri. "Alituambia hampatani hata kidogo. Ila akasema katika darasa zima, daraja lako peke yake ndilo angelipita bila kutazama chini."