Kinda Mmoja Bado Yupo

Siku hizi mtoto akitimiza miaka saba anahamia Mji wa Shule, na mzazi anaruhusiwa kumpigia simu pale tu anapokuwa na makinda wa ndege nyumbani wa kumsimulia. Basi nikatundika sanduku la bundi kutagia ukutani.

"Wenzako wanafukuza bundi, wewe unampangisha?" jirani yangu Bi Mwanamvua alinicheka.

Nikamwambia achambue mchicha wake.

Makinda wote waliruka juzi. Leo Hidaya wangu ameuliza kwenye simu, "Mama, bado wapo?"

"Kabaki mmoja, mvivu. Hataki kuruka."

Ndipo nikakumbuka kwamba kamera ambayo shule iliifunga sandukuni huonyesha picha darasani kwao.

"Namwona," akasema taratibu. "Usimwamshe, Mama."