Saa Mbovu za Fundi Sekunde

"Zote mbovu, dada," alisema Fundi Sekunde, na papo hapo saa za mkono zilizoning'inia ukutani zikamuumbua: tik, tik, tik, kwa pamoja kama askari wa gwaride.

Mkaguzi wa leseni alizitazama moja moja. Zote zilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Akachungulia simu yake. Saa tisa na dakika ishirini.

"Mbovu kwa ndani," fundi akaongeza. "Ugonjwa wa saa hauonekani usoni."

"Kama wa watu," mkaguzi akajibu, akafungua jalada lake.

Ukweli ni kwamba saa zile zilikuwa rehani. Mtu akitaka kununua hisa na mfuko umekauka, humwachia Fundi Sekunde saa yake, hupewa pesa, na hisa zikipanda hurudi kuikomboa na riba kidogo juu. Leseni fundi hakuwa nayo, labda ile ya baiskeli. Mkewe alishamwonya: "Baba watoto, zisimamishe basi, zifanane na mbovu." Wapi! Saa isimame na yeye ana mikono? Kila asubuhi alizitia ufunguo zote kabla hata ya chai. Sasa duka la miaka kumi na tisa lilikuwa linaponzwa na ufundi wake mwenyewe.

"Fundi, tusizungushane. Unakopesha watu wanunue hisa?"

"Nasaidia, dada yangu. Kusaidia nako kuna sheria?"

"Kusaidia hakuna. Kukopesha kwa riba, mtu akanunue hisa, kunataka leseni. Huna, duka linafungwa." Akachomoa barua, akaiweka mezani kati ya koleo na chupa ya mafuta. "Imebaki saini ya mkurugenzi wetu tu. Ningekuja nayo kamili, ila leo kachelewa tena."

Fundi aliisoma, shingo ikamlowa. "Na huyo mkurugenzi hana huruma?"

"Yeye? Msako wote huu kautunga yeye. Wakopeshaji wa vichochoroni hataki hata kuwasikia." Akashika kalamu. "Nitajie wenye saa."

"Majina siyajui, wallahi. Nawajua kwa saa zao. Huyu Kioo Ufa. Yule Namba za Kirumi. Huyu Kutu, lakini analipa vizuri kuliko wote."

Mkaguzi aliandika akitikisa kichwa, mpaka alipoifikia saa ya dhahabu yenye mkanda wa bluu. Kalamu ikasimama. Akaitungua msumarini, akaigeuza, akasoma maandishi yaliyochongwa mgongoni. Mabega yakaanza kumtetemeka. Fundi alidhani analia, akamtafutia kitambaa. Kumbe mwenzake anakizuia kicheko.

"Na huyu?"

"Mkanda wa Bluu. Muungwana sana, hii mara yake ya tatu. Sharti lake moja tu, nisimtaje kwa mtu."

"Anaikomboa lini?"

"Leo, saa kumi kamili. Huyo hachelewi hata dakika."

Mkaguzi akavuta kigoda, akaketi. Akaikunjua barua vizuri, akaweka ile saa juu yake isipeperuke, na kalamu pembeni.

"Basi acha nimsubiri," alisema. "Saini yake ndiyo iliyobaki."