Sauti ya Mama Katika Utabiri

Siku hizi utabiri wa bahari ya Aktiki husomwa kwa sauti ya mama wa kila nahodha, kwa sababu mama hapingwi. Bi Mishi alirekodiwa sauti siku mwanawe Athmani alipokabidhiwa meli, ili mashine iitumie kusoma utabiri wa kila siku.

Leo, akikuna nazi, aliisikia sauti yake mwenyewe redioni: "Dhoruba kali, mawimbi mita kumi na nne, barafu inaganda juu ya sitaha ya meli. Usiogope mwanangu, songa mbele."

Nazi ikamponyoka. Hakuwahi kuyasema maneno hayo! Akapiga simu melini.

"Athmani, rudini bandarini! Ni mimi, mama yako!"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Mama ameshaniambia nisonge mbele," alijibu Athmani. "Wewe ni nani?"